Mafungu Mawili Chini ya Kitanda

Wiki iliyopita binamu yangu alinipigia simu kutoka Mkongani, akasema lile jiko la makuti la nyanya yetu linabomolewa, kama nataka kuliona mara ya mwisho nije upesi. Nikafunga kibanda changu cha mboga hapa Kona ya Musa, Ukunda, nikaenda. Nilimkuta fundi ameshafika kwenye uchaga, ile dari ya fito juu ya mafiga, na kila ufito alioutupa chini ulitoa masizi kama vumbi. Nikaokota mmoja. Mkono ukawa mweusi, harufu ya moshi wa zamani ikanipanda puani, nikawa na miaka tisa tena. Au kumi. Sina hakika, na sipendi kuandika jambo ambalo sina hakika nalo.

Kama hukulelewa na wakulima, ngoja nikueleze kidogo. Mahindi ya mbegu nyanya aliyachagua yale makubwa, akayafunga pamoja kwa maganda yake, sita sita, akayatundika uchagani mpaka masika. Moshi wa uji asubuhi na wa sima jioni uliyapaka rangi ya chai ya rangi, na fukusi hawakuyasogelea. Hatukuyagusa hata siku za njaa. Nyanya alikuwa akisema, "Hayo si chakula, hayo ni mwaka ujao."

Kijijini kwetu wengi walikuwa Waislamu, na nyanya alikuwa mmoja wa Wakristo wachache. Kanisa letu lilikuwa la mabati, na watu ishirini walitosha kulijaza. Lakini sala yake ninayoikumbuka zaidi si ya kanisani. Aliisali kila asubuhi akiwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi: "Bwana, mimi ni wako, nyumba ni yako, uchaga ni wako. Niagize." Nazi na sala viliisha pamoja. Mimi nilidhani ni maneno tu ya kukunia nazi.

Mchana mmoja wa kiangazi, cheche ilishika makuti ya jiko la jirani yetu. Watu walikimbia na ndoo na matawi mabichi, hakuna aliyeumia, lakini jiko liliteketea na uchaga wake wote. Jirani alisimama na ndoo tupu mkononi, uso umejaa majivu, akisema, "Alhamdulillahi, watoto walikuwa nje." Alilirudia neno hilo mara nyingi. Mbegu hakuitaja kabisa, ila kila mtu aliyekuwa pale alikuwa akiiwaza.

Nyanya alirudi nyumbani akavunja nazi, akaikuna yote. Kisha akaniita. "Haya, nimeagizwa. Panda juu, we mwana, utelemshe mafungu ya mbegu. Nusu yetu, nusu ya jirani."

"Nusu nzima, nyanya?"

"Sasa kuna nusu gani isiyokuwa nzima?"

Goti lake moja lilikuwa bovu, kwa hiyo kazi za kupanda zilikuwa zangu. Nikapanda. Mafungu yalikuwa kumi na mawili.

Sasa hapa nataka nijitendee haki na nimtendee haki jirani pia. Sikuwa na chuki naye. Alikuwa mtu mwema, na mkewe alinisuka nywele kila wiki. Ila mwaka uliotangulia mvua ilikatika mapema, na jioni nyingi nilimwona nyanya akisukuma sahani yake upande wangu na kusema ameshiba, hali sikuwa nimemwona akila. Niliyaogopa sana maneno yale, "nimeshiba." Basi kule juu, macho yakiniwasha kwa moshi, nilichukua mafungu mawili nikayapenyeza kwenye uwazi kati ya ukuta na makuti, yakaanguka nje.

"Yako kumi, nyanya."

"Kumi? Mimi nilidhani kumi na mawili." Akafikiri kidogo, akacheka. "Basi ni panya. Panya wa mwaka huu wana njaa kutushinda sisi."

Hakupanda kuangalia. Aliniamini, na hilo ndilo lililoniuma tangu siku ile. Jirani akapata matano, nasi tukabaki na matano. Ukipiga hesabu ya haki, fungu moja nilimwibia jirani, na moja nilimwibia nyanya mwenyewe. Yote mawili nikayafungia katika sanduku la mbao chini ya kitanda changu, na karibu miezi miwili nililala juu yake. Kila kitu kilicholia usiku nilidhani ni sanduku. Siku za Jumapili mwalimu wetu kanisani akiuliza, "Nani amempa Yesu vyote?" nilinyosha mkono kama wenzangu, ila niliunyosha mpaka begani tu.

Mvua ya kwanza ilianguka asubuhi. Ile harufu ya udongo siielezi, maana unaijua. Nyanya akachukua jembe, nami nikakimbilia sandukuni, nikiwa nimeshapanga uongo wa pili, kwamba nimeyaona mafungu mawili yameanguka nyuma ya ukuta. Nikafungua. Mahindi yalikuwa mepesi kama pamba. Nilipolishika fungu moja unga ulimwagika, na fukusi wakatembea juu ya gauni langu.

Wako watakaosema Mungu aliwatuma wale wadudu. Mimi sijui, wala nyanya hakusema hivyo. Mbegu ikikaa joto lile bila moshi huliwa, na mtoto yeyote wa Mkongani alilijua hilo. Hata mimi nililijua. Hofu ndiyo iliyonisahaulisha.

Nikampelekea nyanya mahindi yale katika upande wa kanga. Aliangalia, akaniangalia, akaketi chini kwenye kizingiti. Nilingoja fimbo.

"Kumbe panya wetu anasoma kanisani Jumapili!" akasema, akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwanangu, hata mimi niliogopa. Wadhani sikuogopa? Lakini nikimpa Mungu kumi nikaficha mawili, yale mawili ndiyo yatakayoninyima usingizi. Umelala vizuri wewe?"

"La, nyanya."

"Haya, twende kwa jirani ukamwambie kwa mdomo wako."

Njia ile ni hatua hamsini tu, nami niliiona kama ya kwenda Kwale mjini. "Shikamoo, baba," nikaanza, kisha nikalia, na mengine yakatoka pamoja na kilio. Jirani alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akamwambia nyanya, "mtoto aliogopa njaa. Mimi kwa umri wake ningeficha manne." Akanigeukia. "Nimekusamehe. Lakini kesho uje utupandie."

Nikaenda siku mbili. Yeye alichimba mashimo, mimi nikamfuata nyuma, punje tatu kila shimo, kisha nafukia kwa mguu. Shambani kwetu palibaki pembe tupu, pale ambapo ingepandwa mbegu niliyoiua. Mke wa jirani alipopaona tupu akaleta kunde zake kwenye kibuyu, akazipanda bila kuniuliza swali.

Sitakudanganya kwamba tulivuna maajabu. Mvua ilikuwa ya wastani. Tulikula sima kwa kunde miezi mingi, na jioni nyingine haikutosha. Lakini mwaka ule nyanya alipokuwa akisema ameshiba nilikuwa nimeshamwona akila.

Sasa nyanya amelala kando ya lile shamba, na jirani naye ameshatangulia. Mbegu siku hizi zinatoka dukani katika pakiti, zimepakwa dawa nyekundu, na jiko jipya litakuwa la mawe na gesi. Si vibaya. Binamu yangu amekohoa moshi miaka mingi, ana haki ya kupumua. Ila sijui watoto wake watapanda wapi kutelemsha kitu cha kumpa mtu.

Nilirudi Ukunda na kipande cha ule ufito. Kabla ya kulala niliinama nikaangalia chini ya kitanda changu, mtu mzima kama mimi. Palikuwa na viatu na ndoo. Najua bado yako mambo niliyomfungia Mungu, na hayo hayakai chini ya kitanda. Asubuhi nikaketi juu ya mbuzi, nikavunja nazi, nikaanza: "Bwana, mimi ni wako." Nilipofika "niagize" nilisita kidogo, mkono ukasimama. Kisha nikalisema, nikaendelea kukuna.