Msalaba wa Chaki kwenye Skuta

Kwa miaka mitano mfululizo skuta yangu ilipita ukaguzi wa serikali, na kwa miaka yote mitano ilikuwa mbovu. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani ninailalamikia serikali. Mimi mwenyewe nilifurahi kila mara.

Niliinunua kwa mwanafunzi wa chuo cha Kasapa aliyekuwa amemaliza masomo na anarudi kwao. Alinihakikishia kwamba imetumiwa na mtu mmoja tu. Hakusema mtu huyo alikuwa wa namna gani. Mimi ni katibu katika ofisi moja ya chuo hapo hapo Kasapa. Kazi yangu ni kuandaa vyeti na kuvipiga mhuri, na baada ya miaka kumi na tatu ya kazi hiyo nimezoea kuamini kwamba kitu kikishapigwa mhuri, mjadala umekwisha. Skuta ilikuja na karatasi tatu, zote zina mihuri. Nikalipa.

Kwenye barabara yetu kuna skuta na pikipiki saba na jozi moja ya vioo vizima. Vioo hivyo vina zamu. Siku ya mtu kwenda kwenye kontrole, yaani ule ukaguzi, ikifika, anavifuata kwa jirani aliyevitumia mwisho, anavifunga kwa bisibisi, anakwenda, anarudi, na vioo vinamngoja anayefuata. Honi nzuri ni ya mshona viatu anayekaa mkabala nasi. Taa ya nyuma nzuri ilikuwa yangu, na niliiazimisha bila kinyongo. Hakuna kati yetu aliyeona kwamba tunadanganya. Skuta iliyofika kituoni ilikuwa na kila kitu kinachotakiwa. Ni siku nyingine tu za mwaka ambazo haikuwa navyo.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Alibonyeza honi, akatazama taa, akajitazama kwenye kioo na kuweka sawa kola ya shati. Mwaka wa tatu alikitazama kioo kwa muda mrefu kuliko kawaida.

“Hii vioo minaijua,” akasema. “Ilikuya hapa juzi.”

“Inafanana tu, papa,” nikamjibu.

Akaandika kwamba vioo vipo, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kwa upande wa breki, alizikamata, akaisukuma skuta hatua mbili, akaacha kusukuma, na skuta ikasimama. Niliwahi kufikiri kwamba hata toroli la matofali lingefaulu mtihani huo. Lakini sikusema, maana mimi si mtaalamu, na tayari alikuwa ameshika mhuri.

Nyumbani kulikuwa na ukaguzi wa pili.

Baba yangu alifanya kazi reli maisha yake yote. Kazi yake iliitwa vizitere: kabla treni haijaondoka alitembea kando ya mabehewa na nyundo ndogo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia vizuri. Lenye ufa hulia vibaya. Likilia vibaya alichora msalaba wa chaki ubavuni mwa behewa, na behewa hilo halikwenda popote, hata mkubwa wa stesheni apige kelele namna gani, mpaka yule yule aliyechora msalaba aufute kwa mkono wake.

Alipostaafu alikuja na nyundo na chaki nyumbani. Tangu hapo lupango letu lote, kuanzia geti hadi choo, limeishi chini ya sheria za reli. Alichora msalaba kwenye ngazi. Alichora kwenye kiti cha sebuleni ambacho mguu wake ulikuwa umelegea, na kiti hicho kilikaa miaka bila kukaliwa na mtu, wageni wanasimama na kiti kipo. Alichora kwenye baiskeli ya kijana aliyekuja kuniposa, na kijana akarudi kwao kwa miguu. Hatukucheka. Mama ni mke wa mtu wa reli na binti wa mtu wa reli, na kwake msalaba wa chaki ulikuwa neno la mwisho. Baba hakuwahi kukosea. Hilo Mama alilisema mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, kama unavyosema nyumba ina milango miwili.

Kila mwaka niliporudi kutoka kituoni na karatasi yangu mpya, Baba alitoka na nyundo. Aligonga rimu, akagonga uma wa mbele, akavuta breki na kusikiliza. Kisha alichora msalaba kifuani mwa skuta, chini ya taa. Mwaka wa nne nilikasirika, nikamwekea karatasi mkononi. Alivaa miwani, akaisoma mbele na nyuma.

“Karatasi iko muzuri,” akasema.

“Basi skuta imepita, Papa.”

“Karatasi njo ilipita. Weye unaona karatasi, miye minasikia chuma.”

Mimi niliipanda hivyo hivyo kwenda kazini, msalaba ukiwa kifuani mwake. Mvua ikiufuta, Baba aliuchora upya. Shida ilikuwa Mama.

Mama ana bustani yake huko Annexe, pembezoni mwa mji, karibu na kijito, ya matembele na lengalenga. Alikwenda mara tatu kwa juma, saa nzima kwa miguu, na magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba. Basi halifiki kule. Taksi-moto, zile pikipiki za abiria, alizikataa, kwa sababu hawezi kushika kiuno cha kijana ambaye hamjui mama yake. Skuta yangu ilikuwa mlangoni, na siku ambazo alikwenda bustanini mimi nilikuwa naanza kazi saa nne. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa ule msalaba. Alikuwa akiutazama, anafunga kitenge chake vizuri, anaweka ndoo kichwani, na kuondoka akichechemea. Moyo ulikuwa unaniuma kumwona, na hasira zote nilizielekeza kwenye kipande cha chaki.

Mwaka wa tano, mwisho wa kiangazi, goti moja lilivimba mpaka viatu vikawa shida kuvaa. Asubuhi moja Baba alikuwa bado ndani. Nilichukua kitambaa chenye maji nikaufuta msalaba. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani.

Mama alitoka na ndoo. Alitazama kifua cha skuta. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa tano, kwa hiyo hakukuwa na wa kusingiziwa. Kwake hakuna ambaye angeweza kuufuta ila Baba. Uso wake wote ulifunguka, akaweka ndoo mapajani, akapanda upande upande kama mtu anayekwenda harusini, na tulipopita sokoni aliwapungia mkono wanawake ambao kwa kawaida huwapita bila salamu.

Kule Annexe kuna mteremko kabla ya kijito. Mwanaume mmoja alikuwa anapandisha baiskeli yenye magunia ya makaa, na barabara yote ilikuwa yake. Nilikamata breki ya nyuma. Waya ukakatika, nikausikia, sauti ndogo tu. Breki ya mbele haikuwa na la kuchangia. Nilipinda kushoto, tukaingia kwenye lundo la mchanga la mtu aliyekuwa anajenga, na mwenye mchanga akatoka kutuuliza nani atauzoa.

Mama alikuwa ameketi katikati ya lundo, kitenge kimejaa mchanga, ameushika mkono wake wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimeteguka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Akanitazama.

“Papa yako njo alifuta?”

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na ilikuwa nafasi ndefu, kwa sababu Mama alingoja.

“Ndiyo, Mama,” nikasema.

Tulirudi kwa miguu, mimi nasukuma skuta. Baba alikuwa uani. Mama hakumsalimia. Alimwonyesha ule mkono, umeshaanza kufura.

“Leo ulikosa,” akamwambia. “Mbele ya kufuta, hukusikiliza.”

Baba aliutazama mkono. Akakitazama kifua cha skuta, kisafi. Kisha akanitazama mimi, si kwa muda mrefu. Nilijua kwamba ameelewa yote, na nikangoja aseme.

“Ndiyo,” akasema Baba. “Nilikosa.”

Akaingia ndani, akatundika nyundo kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

Siku zilizofuata hakukagua kitu. Fundi aliweka waya mpya, viatu vipya vya breki mbele na nyuma, na beringi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza skuta ile kuwa nzima tangu niifahamu, lakini Baba hakutoka kuisikiliza. Niligonga rimu mwenyewe kwa kijiko, kwa makusudi, karibu na dirisha lake. Aliongeza sauti ya redio.

Nilijiambia kwamba yatapita. Mkono wa Mama ulikuwa unapona, bustani ilikuwa inamwagiliwa na mimi, na hakuna aliyekufa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa majuma mawili. Kisha ikaja Jumapili, baada ya misa. Baba alikuwa ameketi sebuleni. Mama aliingia na sahani yake ya bukari, ule ugali wetu, akatazama huku na huku, ingawa viti vingine vilikuwepo, akakivuta kile kiti chenye msalaba, akaketi juu yake mbele ya Baba na kuanza kula.

Kiti hakikuvunjika. Afadhali kingevunjika. Baba alikuwa anatazama mikono yake, na nikaona kwamba amezeeka, ingawa asubuhi hiyo hakuwa mzee. Maisha yake yote hakuna behewa lililotoka kwa uzembe wake, na sasa mke wake alikuwa anakula bukari juu ya neno lake, na aliyesababisha nilikuwa mimi, nimesimama na bakuli la mboga.

Nililiweka bakuli chini. Nikaenda nyuma ya mlango wa jikoni, nikatoa nyundo na chaki, nikaviweka mezani katikati yao.

“Mimi ndiye nilifuta,” nikasema. “Papa hakufuta. Papa hakuwa hata nje.”

Mama aliacha kutafuna. Alimtazama Baba.

“Na weye ulisema ulikosa?”

“Ni mutoto,” Baba akasema. Nina miaka arobaini na moja.

Mama aliinuka kwenye kile kiti, polepole kwa ajili ya goti. Alikipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge, lakini msalaba hakuugusa. Akakirudisha kiti ukutani mahali pake. Halafu akachukua chaki mezani.

“Geuka,” akaniambia.

Nilikuwa nimevaa koti langu la jinzi, lile la kuendeshea. Niligeuka. Nikasikia chaki ikikwaruza mgongoni mwangu, mstari mmoja kutoka bega hili hadi kiuno, na mwingine wa kuukata. Alibonyeza.

“Huyu hapana kutoka,” akasema, akarudi kumalizia bukari yake akiwa amesimama.

Baba alichukua nyundo, akaenda uani. Aligonga rimu zote mbili, akagonga uma, akavuta breki ya mbele, akavuta ya nyuma, akaweka sikio. Alichukua muda mrefu sana, na sikuthubutu kumsogelea. Halafu akachora msalaba kifuani mwa skuta. Nilitaka kulia. Akautazama kidogo, akaufuta kwa kiganja chake mwenyewe, akajipangusa mkono kwenye suruali.

“Yote inafutwa na mwenye aliandika,” akasema.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu yangu ya kontrole. Vioo vilikuwa kwa mwalimu wa nyumba ya tatu, na sikuvifuata. Nilikwenda na skuta kama ilivyokuwa, breki mpya mbele na nyuma, kioo kimoja chenye ufa. Yule mkaguzi mwenye kalamu mbili alitafuta pa kuweka sawa kola yake, hakupaona, akaandika kwamba skuta imekataliwa. Kwa upande wa breki, aliisukuma skuta hatua mbili kama kawaida. Baadaye nilinunua vioo, nikarudi, akapiga mhuri. Karatasi hiyo sikumwonyesha mtu.

Sasa Mama naye anapanda mara tatu kwa juma. Koti ni lile lile, na sijalifua. Nilimwuliza mara ya kwanza, inakuwaje anapanda na mtu mwenye msalaba.

“Weye sikupandi,” akasema. “Minapanda skuta. Skuta ilipita.”

Anaketi nyuma yangu, msalaba uko mbele ya macho yake njia nzima, na chaki iko ndani ya fundo la kitenge anamofungia vitu vyake. Ukififia anaurudia. Tukifika juu ya ule mteremko wa Annexe huwa nasimamisha skuta kabisa kabla ya kushuka, na huwa namwuliza ataufuta lini. Yeye hunigonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, mara mbili, na kutega sikio.

“Bado,” anasema. “Minasikiliza. Enda polepole.”