Jeli ya Mwaka Mama Aliong'olewa Meno

Mwaka ule mama yangu aling'olewa meno yote yaliyokuwa yamebaki. Ilikuwa mwezi wa kumi, huko Louisville, Marekani, alikokuwa akiishi kwa dada yangu. Daktari alisema fizi zipone kwanza, miezi kadhaa, ndipo atengenezewe meno ya bandia. Dada alinipigia simu Buffalo kunieleza. Maumivu yalikuwa yameisha, alisema, lakini mama ameacha kula mbele ya watu. Anachukua bakuli lake la uji, anaingia chumbani, anafunga mlango. Kanisani anajifunika mdomo kwa kitenge. Na maombi ya nyumbani, ambayo miaka yote aliyaongoza yeye, sasa anamwachia dada.

"Anasema maneno yake inatoka na upepo," dada aliniambia.

Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, tulikuwa tukikutana Columbus kwa kaka yetu mkubwa, kwa sababu ndiko katikati: wao wanapanda kutoka Louisville, mimi nashuka kutoka Buffalo. Meza ya kaka ilikuwa meza ya kutafuna. Mbuzi wa kuchoma, kuku, bata mzinga kwa ajili ya watoto. Fufu na sombe ya majani ya muhogo zilikuwapo pia, na mama angeweza kuzimeza, lakini hata fufu inaifanya taya ifanye kazi, na yeye hakutaka taya yake ionekane. Nilijua angekaa pembeni na kusema ameshiba.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika jiko la nyumba ya wazee, Cheektowaga, kando ya Buffalo. Nilikata matunda, niliosha masufuria, nilisukuma toroli la chakula. Kwetu Uvira, Congo, sikuwahi kushika mwiko. Dada zangu walikuwapo, na mwanaume aliyekaa jikoni alichekwa. Huku hakuna aliyeniuliza kama ninajua. Nilipewa aproni na kofia ya nailoni, nikaonyeshwa sinki.

Kulikuwa na bibi mmoja mkaazi wa pale, mtoto wa watu waliotoka Poland, aliyekuwa na meno ya bandia ambayo aliyavua kila alipomaliza nyama. Alikulia karibu na Bailey Avenue, mitaa michache kutoka pale nilipopanga mimi, na kwa sababu hiyo alinichukulia kama jirani. Nilipomweleza habari za mama, kwa Kiingereza changu cha wakati ule, hakunionea huruma. Alisema, "Mtengenezee saladi ya jeli."

Nilimwambia kwetu saladi ni majani.

"Hii si majani. Ni matunda ndani ya jeli. Unaiweka mdomoni, unafunga mdomo, inayeyuka yenyewe. Hakuna atakayejua kama una meno au huna."

Akanipa maelekezo, nami nikayaandika nyuma ya karatasi ya menyu. Jeli ya unga, ya rangi ya kijani, yenye ladha ya ndimu. Maji ya moto, kisha maji baridi. Nanasi, machungwa madogo, na juu tabaka la krimu. Vyote katika chombo cha duara chenye tundu katikati, usiku mzima ndani ya friji.

Siku yangu ya mapumziko niliijaribu. Bibi alikuwa amesema nanasi tu, hakusema nanasi gani. Matunda ya kopo tulikula katika kambi ya wakimbizi, na kichwani mwangu yalikuwa chakula cha mtu asiye na la kuchagua. Nikanunua nanasi zima, nikalimenya vizuri, nikalikata vipande vidogo sana kwa ajili ya fizi za mama. Asubuhi nilifungua friji nikakuta maji ya kijani yenye vipande vinavyoelea. Nikasubiri hadi jioni. Yalibaki maji.

Nilipomweleza bibi, alicheka mpaka akavua miwani.

"Nanasi bichi? Haishiki kamwe. Lazima la kopo."

"Kwa nini?"

"Sijui. Mama yangu alisema la kopo, nami natia la kopo."

Mpishi mkuu ndiye aliyenieleza kwamba nanasi bichi lina kitu ndani yake kinachoila jeli, na likipikwa kitu hicho kinakufa. La kopo limeshapikwa. Nilinunua makopo mawili.

Safari hii nilifanya polepole. Nilikoroga unga katika maji ya moto hadi punje zote zikapotea, nikaongeza maji baridi, nikaiacha katika friji hadi ikawa nzito kama ute wa yai. Hapo ndipo nilipotia matunda, maana ukiyatia mapema yote yanapanda juu na kukaa upande mmoja. Ilipokaza nikamwaga tabaka la pili, jeli iliyopoa na kuchanganywa na krimu. Siku ya safari niliweka chombo katika sanduku la barafu, nikalifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma, nikaendesha hadi Columbus. Kulikuwa na theluji njiani hadi karibu na Cleveland, kisha mvua.

Mke wa kaka alifungua sanduku, akatazama, akalifunga tena.

"Shemeji, hii ni chakula ao sabuni?"

"Ni chakula. Nipatie maji ya moto na sahani kubwa."

Nilitumbukiza chombo katika maji ya moto kwa muda mfupi, nikakifunika kwa sahani, nikakigeuza. Jeli ilitoka nzima. Ilisimama katikati ya meza, nyeupe chini na kijani juu, ikitikisika kila mtu alipopita. Kaka yangu aliizunguka.

"Donc ni wewe ulipika hii? Wewe mwanaume?"

"Ni mimi."

Akamtazama mama kuona atasemaje. Mama alikuwa kwenye kiti cha mwisho, kitenge mdomoni.

Kaka aliomba, tukaanza kula. Nilimpelekea mama sahani ya jeli na kijiko, akasema, "Nimeshiba." Sikubishana. Nilikaa karibu naye na sahani ya jeli peke yake, bila nyama, nikaanza kula. Baada ya muda akaniuliza, "Kwa nini haukule nyama?"

"Leo sina hamu nayo."

Alijua ninadanganya, harufu ya mbuzi ilikuwa imejaa nyumba nzima. Alichukua kijiko, akakata kipande kidogo, akakipitisha chini ya kitenge. Alifunga mdomo, macho juu ya meza.

"Haitafunwe," alisema.

"Ndiyo, Mama. Haitafunwe."

"Ni maji na sukari."

"Ni hivyo."

Akala sahani ile, akanyoosha mkono nimwongezee. Katika sahani ya pili kitenge kilishuka begani, na hakukirudisha. Mke wa kaka aliona, akageuka kuwahudumia watoto. Dada yangu aliacha kutafuna, kisha akaendelea. Hakuna aliyesema neno, na nadhani hilo ndilo tulilofanya vizuri kuliko yote siku ile.

Vyombo vilipoondolewa, kaka alisema tufunge kwa maombi, akamtazama dada. Mama akasema, "Bon, nitaomba mimi." Aliomba kwa muda mrefu. Maneno mengine yalitoka na upepo kweli, na watoto wawili wakatazamana, lakini baba yao aliwatazama wakainamisha vichwa. Mama aliwataja ndugu waliobaki Congo mmoja mmoja. Aliombea fizi zake pia, kwa sauti ile ile aliyoombea wengine.

Nilirudi Buffalo siku iliyofuata, maana nilikuwa na zamu.

Mwezi wa tatu meno ya bandia yalikuwa tayari. Dada alinisimulia kwamba mama aliyavaa palepale kliniki, akatembea nayo nyumba nzima akifungua na kufunga mdomo, kisha akaomba muhindi wa kuchoma. Aliumaliza nusu, akayavua kwa sababu yalimbana. Tangu hapo anayavaa akienda kanisani na wageni wakija. Siku nyingine yanabaki kwenye glasi ya maji dirishani, naye anakula na dada pale mezani bila kujifunika.