Simu Niliyoiruhusu Kaunta

Siku yangu ya kwanza kaunta, mwenye duka alinipa aproni na sheria moja. Duka lilikuwa Sotik. Mimi nilikuwa nimetoka upande wa Kisii na darasa la nne tu kichwani. Akaniambia, "Mama Moraa, mteja akiwa kwa simu, mikono yako inalala. Usiguse kitu chake."

Nikauliza kwa nini.

"Kwa sababu baadaye atasema hakukuona ukipiga hesabu."

Sheria hiyo niliishika kwa duka lile la kaunta ya wavu wa waya, na supamaketi ilipofunguliwa nikaenda nayo huko, mpaka nikawa msimamizi wa kaunta zote. Sikubebwa na mtu.

Nyinyi mnaonunua leo, sikieni. Skana, ule mwanga mwekundu unaosoma mistari ya pakiti, haingoji stori yako iishe. Ukifika mbele, kata simu, ama toka kwa laini ya watu umalizie kando. Salimia anayekuhudumia. Ukilipa kwa simu, sema mapema, na ujumbe ukiingia uonyeshe vizuri, usimsukumie mtu skrini kwa pua. Na namba ya siri ni ya siri. Mzee mmoja wa Soin alikuwa akiitamka kwa sauti huku akibonyeza, laini yote inamsaidia kukumbuka.

Lakini spika, simu kuongea mpaka laini yote isikie, ndiyo niliichukia zaidi. Meneja wa kwanza aliniambia, "Ukiwakataza spika, wateja watakimbia." Nikamjibu, "Wakimbie wakiongea."

Sasa niwaambie kuhusu ile siku moja.

Ilikuwa siku ya soko, laini imefika mpaka kwa mikate. Mbele yangu alisimama Kogo, ndivyo Wakipsigis huita nyanya, mama mzee wa Kapkatet aliyekuja kununua sukari na unga wa wageni. Mjukuu wake alikuwa amezaliwa, na nyumbani wanawake walikuwa wamekaa kumtafutia jina. Kwao wanataja wazee waliokufa, mmoja mmoja, mpaka mtoto apige chafya. Jina alilolipigia chafya ndilo lake. Huyo mzee amerudi.

Simu ya Kogo ikalia. Ilikuwa imeharibika, haisikiki bila spika, kwa hivyo akaweka spika.

"Kogo, simu kando," nikasema.

"Nitaweka, Mama Moraa. Lakini wanasema mtoto amekataa majina yote. Wamechoka, wanataka kumpa lolote."

Kijana mmoja nyuma akasema, "Basi aitwe Sukari, twende nyumbani." Watu wakacheka.

Kogo hakucheka. Alikuwa ameshika kaunta kwa mkono mmoja. "Kuna dada ya nyanya yangu," akaniambia. "Hakuzaa. Kule hakuna anayemjua, ni mimi tu nimebaki. Nikienda, na yeye ameisha."

Nikatoa mkono kwa skana. Nikauinua juu, na wasichana wangu kwa zile kaunta zingine wakasimama. Ile sauti ya tii, tii ikaisha. Hata mashine ya kukata nyama ilizimwa, sijui na nani.

Kogo akainama kwa simu. "Tapkigen," akasema.

Tulisikia mbuzi wa kule Kapkatet, na mtoto akipumua.

"Tapkigen," akaita tena, kwa upole, kama mtu anayebisha mlango wa nduguye.

Mtoto akapiga chafya. Ndogo, kama ya paka, lakini ilisikika mpaka kwa mikate. Vigelegele vikajaa kwa ile simu mpaka ikakwaruza. Yule kijana wa sukari alikuwa ametoa kofia. Mimi ni Mkisii, tena mtu wa kanisa, mambo hayo si ya kwetu. Lakini nilikuwa hapo. Mtu aliyekufa kabla ya simu kujulikana aliitwa kwa simu, kwa kaunta yangu, na akaitika.

Meneja akashuka kuuliza nani amesimamisha kazi.

"Ni mimi," nikamwambia. "Kuna mtu alikuwa anaingia."

Akaangalia mlango.

Sasa nimestaafu, niko na shamba langu la majani chai na ng'ombe wawili. Nikienda dukani, simu yangu iko mfukoni, imezimwa, na wenye kelele bado nawaambia wakate. Lakini mama mzee akiweka spika mbele yangu kwa laini, nanyamaza kwanza. Nasikiliza kama kuna mtu atapiga chafya.