Saa Nane Mchana, Oktavia Hukaa na Wasiwasi Wake

Saa nane kamili mchana, mashine ya kufumia inanyamaza. Oktavia Mligo anautua uzi wa kijani uliokuwa begani, anainuka taratibu akiegemea meza, kisha anatoka nje ya kibanda chake nyuma ya soko la Makambako. Anavuta kiti cha mbao hadi ukutani penye jua, anakaa, anaiingiza mikono yake chini ya kitenge. Anatazama barabara. Hafanyi kitu kingine.

Mama mmoja anafika akitafuta sweta la shule la mtoto wake. Kabla hajabisha hodi, jirani mwenye meza ya vifungo na zipu anamzuia.

"Subiri kidogo, dada. Yupo kwenye wasiwasi wake."

"Kwenye nini?"

"Wasiwasi. Robo saa tu. Akimaliza atakuhudumia."

Mteja anacheka, akidhani anataniwa. Jirani huyo, Idda Nyagawa, hacheki. Anamsogezea ndoo iliyofunikwa ili akalie.

Saa nane na robo Oktavia anarudisha kiti ndani na kumgeukia mgeni kwa salamu ya kwao. "Kamwene, mama. Pole kwa kusubiri. Mtoto ana mabega mapana, au membamba?"

Oktavia ana miaka arobaini na minne. Kwa miaka tisa sasa anaishi na baridi yabisi, ugonjwa unaoufanya mwili uvishambulie viungo vyake wenyewe. Vidole vya mkono wake wa kulia vimeinama vyote upande mmoja, kama mahindi yaliyolazwa na upepo. Kila asubuhi viungo vinakuwa vimekaza, na humchukua saa nzima, wakati mwingine zaidi, kabla hajaweza kushika kikombe.

"Watu wakisikia jina la ugonjwa wanadhani ni baridi hii yetu," anasema. "Wananiambia, hama, nenda kwenye joto utapona. Nilikwenda Ifakara kwa shangazi yangu, nikakaa wiki tatu. Nilitoka jasho mpaka nikachoka, na vidole vikavimba vilevile."

Alizaliwa Yakobi, pembezoni mwa mji wa Njombe. Akiwa na miaka kumi na tisa, masista wa misheni walimfundisha kufuma kwa mashine, ile ya kusukuma kigari cha chuma kushoto na kulia, mstari kwa mstari, mpaka kifua cha sweta kikamilike. Alipoolewa Makambako alikuja na mashine hiyo. Katika mji ambao mtoto hawezi kwenda shule asubuhi ya mwezi wa saba bila sweta, hakuwahi kukosa kazi.

Wakati wa msimu, kabla shule hazijafunguliwa, alikuwa akifuma masweta sita kwa siku. Sasa akifuma matatu ni siku njema. Sweta moja ni shilingi elfu kumi na nane, na kila baada ya miezi mitatu safari ya kliniki Ikonda, wilayani Makete, humla elfu tisini, nauli na malazi.

Ugonjwa ulianzia kwenye kidole cha pete. Kilivimba, kikawa chekundu, na pete ya ndoa ikagoma kutoka. Sabuni haikusaidia, wala mafuta. Mwishowe fundi wa kufuli aliikata kwa msumeno mdogo, na Oktavia alirudi nyumbani na vipande viwili ndani ya leso.

"Siku hiyo sikulia kwa sababu ya maumivu," anakumbuka. "Nililia kwa sababu nilijua kuna kitu kimeanza."

Kwa miaka miwili alinunua dawa za kutuliza maumivu dukani, mpaka tumbo likaanza kumchoma. Ndipo mumewe, Valeriani Mtewele, mkulima wa viazi mviringo, alipompeleka Ikonda. Huko ugonjwa ulipata jina, naye akapata dawa ya kumeza mara moja kwa wiki. Uvimbe ulipungua. Akarudi kwenye mashine.

"Dawa ilituliza viungo," anasema Oktavia. "Habari za kichwa changu haikuzijua."

Kichwani mambo yalikuwa mengine. Kila alipoamka alijikagua kidole kwa kidole. Kikiuma kimoja, aliona kesho vyote vimekunjamana. Aliwaza nani atamsuka nywele, nani atamwosha, binti yao Angela, aliyekuwa sekondari, ataacha shule amhudumie? Hakumwambia mtu. Nyumbani alikuwa mama anayeimba akipika, na watu walimsifu kwa moyo wake mkuu.

Jumapili moja ya mwezi wa tano mwaka 2022, akiwa kanisani, wakati wa matoleo, kifua kilimbana. Mikono ikafa ganzi, masikio yakavuma, na moyo ukaanza kwenda mbio.

"Nilisema, basi, nimekufa. Nikajilaumu kwamba nimekuja kufia kanisani na kuwaharibia watu ibada."

Walimkimbiza kituo cha afya kwa bajaji. Wakampima moyo, wakampima presha na sukari. Kila kitu kilikuwa sawa. Jioni akarudi nyumbani. Siku nne baadaye ikatokea tena, sokoni, mbele ya mafungu ya nyanya. Kisha tena.

Akaacha kwenda kanisani. Akaacha kwenda sokoni. Mwishowe akaacha hata kufungua kibanda, siku kumi na tisa mfululizo, na Idda ndiye aliyekuwa akiwaambia wateja kwamba fundi amesafiri.

"Sikuwa nimesafiri popote," anasema. "Nilikuwa kitandani, naogopa kuogopa."

Tarehe ya kliniki ilipofika, Valeriani alimsindikiza. Safari ilianza alfajiri, basi la kwanza mpaka Njombe, la pili mpaka Ikonda. Aliyempokea alikuwa muuguzi kijana, Esnath Sanga. Alimpima uzito, akavitazama vidole kimoja kimoja, akaandika. Halafu akaweka kalamu chini.

"Viungo tumeviona, mama. Na wewe mwenyewe unaendeleaje?"

Oktavia alifungua kinywa ili aseme anaendelea vizuri. Kilichotoka ni kilio.

Esnath hakumharakisha. Alipotulia, alimwomba ataje anachokiogopa, kimoja baada ya kingine, bila kupanga. Oktavia alitaja kumi na kimoja. Vingine hakuwa anajua kwamba anavyo mpaka alipovisikia vikitoka mdomoni mwake.

"Nilimweleza kwamba moyo wake ni mzima, ila umechoka kukimbizwa," anasimulia muuguzi huyo kwa simu. "Wagonjwa wengi wa magonjwa ya kudumu hupitia hali hii. Maumivu yanaita hofu, hofu inaukaza mwili, na mwili ukikaza unauma zaidi. Wengi hawasemi, kwa sababu wanadhani kliniki ni ya vidole tu."

Alimfundisha kupumua polepole, kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta. Akamtaka amwambie ukweli walau mtu mmoja. Kisha akampa kazi ya ajabu: achague saa maalumu ya kila siku, saa ya mchana, akae mahali pamoja kwa robo saa na kuwaza hofu zake zote kwa makusudi. Zikija wakati mwingine, aziambie zisubiri saa yake.

Oktavia anacheka akisimulia. "Nikasema moyoni, huyu mtoto ananichezea. Nimesafiri tangu gizani kuja kuambiwa nikakae kwenye kiti!"

Hata hivyo alichagua saa nane, kwa sababu wakati huo wateja ni wachache na jua huwa limefika ukutani. Wiki ya kwanza haikufaa kitu. Hofu zilikuja asubuhi, zikaja akipika, zikaja akisali. "Wasiwasi si mbuzi useme utaufunga kamba," anasema. Wiki ya pili alikaa kitini akasinzia. Alikaribia kuacha.

Katika wiki ya tatu, akiwa anapima shingo ya sweta, lile wazo la kuoshwa na binti yake lilimjia ghafla. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Subiri saa nane." Akaendelea kupima. Saa nane ilipofika alikaa na kuliita wazo hilo lije. Lilikuja, lakini lilikuwa dogo kuliko alivyolitarajia.

"Halikuondoka," anasema. "Nisikudanganye. Ila kwa mara ya kwanza nililiita mimi."

Mtu wa kwanza kuambiwa ukweli alikuwa Idda. Mumewe hakuambiwa. Valeriani ni mtu wa maneno machache, na Oktavia aliona hofu zake zingemwongezea mzigo. Kila siku aliamka kabla yake, akachemsha maji, akaloweka mikono kwenye beseni jikoni huku amefunga mlango, ili mumewe atakapoamka amkute anaweza kushika kikombe.

Siku moja ya mwezi wa tisa, saa nane mchana, Valeriani alitokea kibandani na matope ya shamba kwenye viatu. Idda alikuwa ameshamdokeza. Hakuuliza kitu. Alichukua kigoda cha ndani, akakiweka kando ya kiti cha mkewe, akakaa. Wote wawili wakatazama barabara.

"Umefuata nini, Baba Angela?" Oktavia alimwuliza.

"Nimesikia hapa ndipo watu wanakaa na wasiwasi wao. Na mimi nina wangu."

Valeriani akatazama mikono yake mwenyewe, kisha akasema kwa shida, neno moja moja.

"Naogopa asubuhi. Nakusikia unavyoamka. Nasimama nyuma ya mlango wa jikoni, nasikia maji. Naogopa kuingia nikukute unashindwa, na wewe uone kwamba nimekuona. Basi narudi kulala, najifanya nimelala."

"Tangu lini?"

"Tangu pete."

Baada ya muda akaongeza jambo ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, lilikuwa gumu zaidi. "Na kuna siku nakasirika. Si kwako. Naukasirikia ugonjwa, halafu hasira inatafuta mtu, na nyumbani mtu ni wewe. Ndiyo maana nachelewa kurudi kutoka shambani."

Oktavia anasema alikuwa amezielewa siku hizo za kuchelewa kwa namna nyingine kabisa. Alidhani mumewe amemchoka.

"Miaka sita tumelala kitanda kimoja, kila mtu anamficha mwenzake," anasema, kisha anashughulika na uzi ambao haukuwa umekatika.

Asubuhi iliyofuata mlango wa jikoni haukufungwa. Valeriani ndiye aliyechemsha maji. Tangu hapo kazi ya beseni ni yake, na mikono ya mkewe ikiwa ndani ya maji humweleza habari za viazi, bei, ukungu wa majani, na jirani aliyehamisha mpaka. "Hadithi zake hazina mwisho," anasema Oktavia. "Yule bubu wangu! Wakati mwingine maji yanapoa bado anaongea."

Wapo waliomcheka. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisani alimwambia kwamba mwenye imani hana haja ya kiti cha wasiwasi. Oktavia hakugombana naye. "Nilimwambia, hata saa nane Mungu yupo. Nakaa naye palepale."

Hali haijawa shwari moja kwa moja. Mwaka jana ugonjwa uliamka upya, magoti yakajaa, na kwa wiki mbili hakufuma hata mstari mmoja. Katika safari ya Ikonda ya mwezi huo, akiwa peke yake, kifua kilimbana ndani ya basi kabla halijafika Njombe. Safari hiyo hakusubiri azidiwe. Alimgeukia abiria wa jirani, mwanamke asiyemjua.

"Nilimwambia, dada, nina ugonjwa wa wasiwasi, umenishika, utapita. Nishike mkono, ila polepole, vidole vinauma. Akanishika mpaka stendi. Hakuniuliza hata jina."

Angela sasa yupo chuo cha ufundi Njombe, anasomea umeme. Mama yake hulipa sehemu ya ada kwa masweta hayohayo machache. Kazi ya kushona mikono na kola amemwachia Idda, wanagawana. Jambo hilo nalo lilimtia hofu mwanzoni, kwamba akianza kugawa kazi hatakuwa fundi tena. Hofu hiyo ilikaa kitini siku nyingi, anasema, kisha ikachoka yenyewe.

Lililoko mbele yake ni jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Kwenye zahanati ya mtaani kwao, kila Jumatano hufika watu wa sukari, wa presha na wa magonjwa mengine ya kudumu. Wanachukua dawa, wanaondoka kimya, kila mtu na yake. Oktavia alimwendea mganga mfawidhi, msimamizi wa zahanati hiyo, na ombi: baada ya dawa, wenye kutaka wapewe nusu saa na chumba cha kukaa pamoja, waseme yale ambayo kipimo hakiyaoni. Amekubaliwa. Wanaanza Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao, na Esnath ameahidi kumwelekeza kwa simu namna ya kuwaongoza, na namna ya kumtambua anayehitaji kupelekwa kwa daktari.

Watu kumi na wanne wamejiandikisha. Idadi hiyo imemnyima raha. Hajawahi kusimama mbele ya watu na kuongea, na tangu jana anatafuta maneno ya kufungulia.

"Nitawaambia nini mimi?" anauliza, akimtazama mumewe aliyesimama mlangoni na gunia la viazi begani. "Sina elimu ya wauguzi. Nitasimama pale nitetemeke."

Valeriani anatua gunia, anajifuta jasho, anafikiri.

"Waambie unaogopa," anasema. "Halafu kaa. Wenzako watapokea, waseme ya kwao."