Kiganja Kwenye Nguzo ya Tatu

Felisa Abayon alikuwa mkaguzi wa miradi ya serikali kisiwani Samar kwa miaka kumi na tisa, na ubishi wake uliwachosha hata wenzake wa ofisini. Ukimwambia kisima kimekamilika, atataka anywe maji yake kwanza. Hata daraja hili jipya la mto wa kijijini, alilolipigania tangu mdogo wake Nening alipochukuliwa na mto akitoka shule, hakukubali kulitilia sahihi bila kulikagua. Na wakubwa wa mkoa walikuwa wanakuja kulizindua kesho yake!

Ilikuwa saa sita mchana, jua la kuchoma utosi. Nguzo zote zilikuwa kavu kau, isipokuwa ya tatu. Pale palikuwa na alama ya kiganja kidogo cha mtoto, ikichuruzika maji. Felisa akaifuta kwa leso. Ikarudi.

"Kapitan, hii nini?" akamuuliza Teban, mkuu wa kijiji.

Teban akajikuna kichwa. "Dada, nguzo hiyo haikupewa damu. Kuku wake mafundi walimla na wali, walafi wale! Sasa mto unadai chake. Tuchinje mwingine, utie sahihi, yaishe."

Felisa, mtu wa vipimo na nyundo, alikubali upesi. Kwetu nani anajenga daraja bila damu ya kuku? Tena daraja lenyewe alilitaka mno.

Kuku akachinjwa, damu ikamiminwa juu ya kile kiganja. Lo! Haikutiririka. Saruji iliifyonza yote, kisha damu ikatokea chini kabisa, majini. Kiganja kikabaki palepale, kibichi.

Felisa akachukua nyundo, akagonga. Nguzo ikalia kama debe tupu.

"Walijaza mchanga mtupu humu, nao mto umeuzoa, Kapitan. Walaaniwe!"

"Taratibu, Dada, wageni kesho. Na watoto wapite wapi?"

"Juu ya hili hawapiti. Nikitia sahihi, nimewazika mimi."

Akaandika kwenye fomu: lifungwe, nguzo ya tatu ibomolewe. Machozi yalimtoka, maana alijua anawarudisha watoto kwenye maji yaleyale yaliyomchukua Nening.

Masomo ya siku yalipokwisha walikuja watoto tisa, viatu mkononi. Felisa akaingia mtoni mpaka kiunoni, akawavusha mmoja mmoja huku akihesabu. Kazi ni mazoea. Alimfikisha wa tisa ng'ambo, akamwachia. Ukingo walikotoka haukuwa na mtu tena.

Hapo ndipo mkono mdogo, wa baridi kupita maji yenyewe, ulipomshika kidole kwa nyuma.

Felisa hakugeuka. Aliogopa, lakini hakuuachia.

"Kumi," akasema. "Twende nyumbani, Nening."