Hatua Mia Mbili na Kumi na Sita

Kengele ya shule iliyokuwa jirani na nyumba yetu mjini Shinyanga haikuwa kengele. Ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi la mwarobaini, na mwanafunzi wa zamu aliigonga kwa kipande cha nondo. Sauti yake kali, ya chuma kwa chuma, ilivuka barabara, ikapanda juu ya mabati yetu na kushukia uani, mahali nilipokuwa nimeketi na mtoto mmoja mgongoni na mwingine magotini. Iligongwa asubuhi, ikagongwa saa ya mapumziko, ikagongwa mchana watoto walipokuwa wakitawanyika. Niliisikia tangu Novemba 1967 hadi Mei 1975, nilipoolewa. Hata leo fundi akigonga chuma popote pale, mkono wangu hutafuta mtoto wa kushika kabla akili haijanikumbusha kwamba watoto wale sasa wana mvi.

Tulihama Ushirombo siku ya Jumamosi, tarehe 11 Novemba 1967. Baba alikuwa ameandikwa kazi ya ukarani wa stoo katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga. Mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa na miezi mitatu, kwa mujibu wa cheti changu cha ubatizo, na wadogo zangu pacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, walikuwa wametimiza miaka miwili mwezi uliotangulia. Kule nyumbani sikuwa nimepelekwa shule kwa sababu ilikuwa mbali na njia yake ilikatiza pori. Usiku wa mwisho Baba aliniambia, akifunga sanduku kwa kamba ya katani: "Vero, mjini hakuna kuchunga mbuzi. Mjini ni kusoma." Maneno hayo niliyabeba ndani ya basi pamoja na Doto, aliyenitapikia mara mbili kabla ya Kahama, na mfuko wa michembe ulionuka viazi vikavu na vumbi. Sikulalamika. Mtu anayekwenda kusoma hawezi kulalamikia matapishi.

Mjini tulikuwa na ndugu mmoja tu, Shangazi, dada yake Baba, aliyeishi na mama mkwe wake upande ambao siku hizi unaitwa Kambarage. Wakati ule palikuwa na nyumba chache za udongo, mashamba katikati yake, na uwanja mpana wa kuchezea watoto. Shangazi alikuwa ametutafutia nyumba ya vyumba viwili ukuta kwa ukuta na yake, na mama mkwe wake, bibi mwenye nguvu aliyependa watoto, alikuwa amekubali kukaa na pacha mchana. Baba aliitazama nyumba ile akiwa amesimama tu, hakuingia hata chumba cha pili. Kutoka pale hadi kiwandani ulikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu, naye alitaka nyumba ambayo angerudi mchana, ale ugali wa moto, ajinyooshe kidogo, kisha arejee kazini bila jasho kwenye shati. Tayari alikuwa amepanga chumba na sebule katikati ya mji, kwenye nyumba ya Bi. Zuhura, mjane wa mfanyabiashara aliyetoka Tabora.

"Kaka, umetafutia miguu yako nyumba," Shangazi alimwambia. "Watoto hukuwatafutia."

"Kwako ni porini, dada. Fisi wanapita mlangoni kama majirani."

"Hao fisi wananisalimia, nami ninawaitikia. Huko kwako nani atakuitikia mkeo akiugua?"

Baba alicheka, akasema kwamba nyumba yake ilikuwa karibu na kila kitu: kazi, soko, hospitali, stesheni. "Na shule," aliongeza, akinishika bega. "Vero ataisikia kengele akiwa kitandani." Nilimwamini. Nilimwona Shangazi kuwa mwanamke mgomvi anayetaka kuniweka mbali na shule, nikamnunia tulipoagana. Hilo ni deni langu kwake, naye alifariki kabla sijamwomba radhi.

Nyumba ya Bi. Zuhura ilikuwa ya saruji, safi, yenye ua mdogo uliokuwa na majiko ya mkaa ya wapangaji watano na mlango wa mbele uliofunguka moja kwa moja barabarani. Malori ya pamba yalipita hapo kutwa, yakidondosha nyuzi nyeupe zilizonata kwenye nywele zetu. Tulipofika, Bi. Zuhura aliwatazama pacha, akautazama mlango, akasema, "Karibu, Mama Kulwa. Lakini nikwambie mapema, lori halina macho, na ua huu una moto mwingi kuliko watu." Hapo ndipo Mama alipoanza kuitwa Mama Kulwa. Ushirombo alikuwa Mama Vero. Mji ulininyang'anya jina hilo siku ya kwanza, na hakuna aliyeona kwamba limepotea.

Mshahara wa Baba haukutosha chakula cha watu watano waliozoea kula cha shamba, kwa hiyo kabla ya mvua kukolea Mama alipata kipande cha kulima Ibadakuli. Aliondoka alfajiri, akarudi jua limepinda, miguu imejaa tope jeusi. Angekaa kwa Shangazi, shamba lingekuwa mlangoni na pacha wangekuwa na bibi wa kuwaangalia. Kwa Bi. Zuhura palikuwa na mimi. Wiki ya pili ya Desemba, nilipokuwa nikimtoa Kulwa kando ya jiko la mpangaji mwenzetu, Doto alichomoka akatoka nje. Nilisikia breki kabla sijageuka. Dereva wa lori aliruka chini, akamwokota mtoto aliyekuwa amekaa mbele ya gurudumu akicheka na nyuzi za pamba mkononi. Mama aliporudi na kusimuliwa, hakunipiga. Alikaa kizingitini, miguu yake michafu ikiwa barabarani, akawaza. Afadhali angenipiga.

Mwanzoni mwa Januari balozi wa nyumba kumi alipita akiandika watoto waliofikia umri wa kuanza shule, akaliandika jina langu. Hakukuwa na namna ya kutokwenda. Jumatatu tarehe 8 Januari 1968, Mama hakwenda shamba. Aliniogesha, akanipaka mafuta, akanivalisha gauni langu la kanisani. Kisha alichuchumaa mbele yangu na kusema kwa sauti ya chini, kama anayetaja kitu cha aibu: "Mwalimu atakwambia upitishe mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Usilishike. Umesikia? Mwaka mmoja tu, Vero. Mwakani pacha watakuwa wakubwa." Cheti cha ubatizo kilibaki sandukuni. Baba alikuwa amekwishakwenda kazini, na hadi leo sijui kama jambo hilo lilitoka kwake au kwa Mama. Ninachojua ni kwamba jioni hakuuliza.

Zamani mtoto asiye na cheti alipimwa hivyo. Mkono ukivuka utosi na vidole vikafika kwenye sikio, umri umetosha. Tulipanga mstari chini ya mwarobaini ule wenye rimu. Waliokuwa mbele yangu, wengine wadogo kuliko mimi, walishika masikio yao na kukimbilia upande wa walioandikwa. Zamu yangu ilipofika, nilipitisha mkono nikakunja kiwiko.

"Huu mkono nani kaupunguza?" mwalimu alisema, na wazazi wakacheka. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. "Jaribu tena. Nyoosha."

Nilimtazama Mama. Alikuwa akimfuta Kulwa kamasi, naye Kulwa alikuwa safi. Nilinyoosha. Ncha ya kidole changu cha kati iligusa ukingo wa sikio, nikausikia ulivyo na joto, nikakirudisha kidole kwenye nywele.

"Mrudishe mwakani, mama," mwalimu alisema. "Mlishe."

"Ahsante, mwalimu," Mama alijibu. Tulirudi nyumbani.

Mwakani, 1969, Mama alikuwa na mtoto mwingine wa kunyonya. Mwaka 1970 mwalimu mpya alinipima kwa macho tu, akasema, "Huyu anatafuta mchumba, si darasa." Januari 1973 niliwashika mkono Kulwa na Doto nikawapeleka kuandikwa. Mimi niliingia darasani Machi 1976, jioni, katika masomo ya watu wazima, nikiwa na mimba ya kwanza. Marehemu mume wangu, fundi seremala, alinitengenezea meza ndogo, naye alipika siku za mtihani bila kujali waliomcheka. Nilipojua kuhesabu vizuri, nilirudi kwa Bi. Zuhura kwa shughuli moja tu: kuhesabu hatua kutoka mlango ule hadi mwarobaini wa shule. Ni mia mbili na kumi na sita.

Mama alifariki mwaka 1991. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, nami sikumuuliza. Baba alimfuata mwaka jana, mzee sana. Nyumba ya Bi. Zuhura sasa ni maduka ya simu, shule ina ukuta uliopakwa rangi, na mtoto huandikishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Katika chakula baada ya misa ya kumwombea Baba, Kulwa, ambaye ni mhandisi, alisimama kuzungumza kwa niaba ya familia. Alisema Baba alikuwa mtu wa kuona mbali. Wenzake walijificha pembezoni mwa mji, yeye akachagua nyumba karibu na kazi na karibu na shule. "Ndiyo maana sisi wote tumesoma," alisema. Watu walipiga makofi.

Doto, aliyekaa kando yangu, aliniinamia. "Dada, mbona hupigi makofi?"

Sikuweza. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umevuka kichwa, juu ya kilemba cha msiba, na ulikuwa umeshika sikio la kushoto. Umelishika lote, hadi shinani.