Presha Ilikuwa Mkono Upi?

Msichana huyu aliitwa Nesi kabla hajajua hata kushika bomba la sindano. Siku alipopata nafasi chuoni, bibi yake alisimama mlangoni akatangaza kwa sauti, mpaka majirani waliokuwa usingizini wakaota wamepona. Asubuhi yake fundi cherehani wa nyumba ya pili alikuwa ameshafika na jipu lake.

"Masomo bado hayajaanza," Nesi akamwambia.

"Liangalie tu," fundi akasema. "Litaona haya, lenyewe litapungua."

Masomo yenyewe yalikuwa ya mtandaoni. Darasa lilikuwa chumba anacholala na bibi, dawati ni meza ya kupigia pasi, na wanafunzi wenzake ni vichwa vidogo vilivyopangwa kwenye kioo cha kompyuta. Mtandao ukikatika, mwalimu huganda mdomo wazi, na bibi akipita na ndoo humhurumia: "Maskini, kiharusi kimempata akiwa kazini."

Mwanzoni Nesi alicheka. Baadaye kicheko kikamkauka. Mifupa ina majina, dawa zina vipimo, mtihani unazaa mtihani, na hakuna wa kumnong'oneza, "Wewe umeelewa?" Ujumbe wa chuo ukilia kwenye simu, moyo wake ulipiga hadi vikombe vikagongana kabatini. Wenzake kiooni walikuwa wametulia kama picha za pasipoti, akajua mjinga ni yeye peke yake. Akakata shauri kimyakimya: akivuruga mtihani wa vitendo wa Alhamisi, uuguzi anauacha. Bibi aliona sahani zinarudi zimejaa, akanyamaza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aote meno.

Mtihani ulikuwa kumpima presha mtu wa nyumbani mbele ya kamera. Bibi alioga mara mbili, akajipaka mafuta hadi akawa anateleza kitini.

"Nitakuwa naumwa nini? Kuzimia nimeshajifunza."

"Huumwi kitu, bibi. Kaa tu."

"Hata kukohoa kidogo?"

"Hata kidogo."

Mwalimu, mama mmoja mwenye sauti nzito, akatokea kiooni, na darasa zima likakodoa macho. "Haya binti, anza."

Nesi akamsalimia mgonjwa, akamweleza atakachofanya, akafunga mkanda wa kipimo, akaminya puto lake, akasikiliza.

"Mia sitini kwa mia," akasema. "Bibi, presha yako iko juu. Una mawazo?"

Bibi akautazama mkono wake, mtupu, unang'aa mafuta. Akaugeuza, akautazama na upande wa pili.

"Mwalimu," akasema, "mjukuu wangu kiboko. Amenipima bila kunigusa."

Nesi akainamisha macho. Mkanda ulikuwa kwenye mkono wake mwenyewe! Miezi yote alifanya mazoezi peke yake humo chumbani, mgonjwa akiwa mkono wake wa kushoto; sasa mkanda ulikuwa umejiendea mahali ulipozoea.

"Basi, nimeshindwa," akasema, machozi yakimlenga. "Naacha uuguzi, mwalimu."

"Unaacha nini?" bibi akadakia. "Kipimo kimesema kweli. Mwenye presha si mimi, mke mwenzangu. Mimi nakula, nalala, nakoroma mpaka panya wanahama. Asiyekula ni wewe."

Mwalimu hakucheka. "Binti, unalala kweli?"

"Mwezi huu silali vizuri, mwalimu."

Kisha mwanafunzi mmoja akafungua maiki. "Mwalimu, mimi mgonjwa wangu ni mguu wa meza."

"Mimi mto," akasema mwingine. "Presha yake haijawahi kupanda."

"Mimi nikizima kamera huwa naenda bafuni kulia."

"Kumbe na wewe!"

Maiki zikafunguka zote, kila mmoja na lake, kicheko kikajaa chumbani hadi pasi ikaanguka sakafuni. Nesi naye akacheka, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanyanyuka.

"Vua huo mkanda," mwalimu akasema. "Vuta pumzi. Sasa mpime bibi, asije akawa amejipaka mafuta bure."

Akampima, safari hii mkono wenyewe hasa. Mia ishirini kwa themanini.

"Kama ya msichana!" bibi akaruka. "Mwalimu, uwe shahidi, watanibishia mtaani."

"Ushahidi ninao. Na wewe binti umefaulu. Ila presha ile ya kwanza hatuiachi hivihivi. Kesho unaongea na mshauri wa wanafunzi, na leo unalala."

Usiku ule aliyekoroma hakuwa bibi.

Siku hizi kila Alhamisi, kabla ya mifupa, darasa zima huulizana hali. Bibi huchungulia kamera, mwiko mkononi: "Haya, leo nani ana presha?" Na fundi cherehani hakosi kuja kupimwa. Nesi humfunga mkanda, halafu huangalia tena kwa makini mkono ni wa nani.